Njia ya Joto

Wageni wajao Tabora kutoka pwani aghalabu hudhani kwamba mji ulioinuka kiasi cha mita 1,200 juu ya usawa wa bahari hauwezi kuwa na joto la kumtaabisha mtu, na ikiwa wamefika mwezi wa Juni au wa Julai, wakati ambapo asubuhi hutaka koti na usiku hutaka blanketi, hurudi makwao na dhana yao ile ile bila ya kutikisika. Lakini mwenyeji wa Unyanyembe, nchi hii ya Tabora, anaijua Septemba, na Oktoba anaijua zaidi: majani yamekwisha kukauka, vumbi limetanda juu ya kila kitu, mvua bado hazijaanza, na jua, kwa kuwa mji wetu uko kama digrii tano kusini mwa Ikweta, hupita juu ya utosi kabisa katika siku za mwanzo wa Oktoba, wakati ule ule ambao mbinguni hamna wingu la kulizuia. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji iliifahamu vema tabia hii ya nchi. Wapagazi waliamka kabla ya mapambazuko, wakatembea wakati ardhi ingali baridi, na jua lilipoanza kuwa kali wakatua mizigo na kutafuta kivuli. Nao Waarabu waliofanya makazi yao Kazeh, mahali hapa tupaitapo Tabora leo, ambako wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipokewa mwezi wa Novemba 1857, walijenga nyumba zenye kuta nene za udongo, na baraza pana mbele ya milango, kwa sababu walijua kwamba katika nchi hii mtu hulizuia joto kwanza, ndipo baadaye afikirie namna ya kulitoa.

Sisi wa zama hizi tumeipindua kaida hiyo. Tunaliacha joto liingie kwa wasaa, kisha tunanunua chombo cha kulitoa, na chombo kikishindwa tunakilaumu.

Mamangu alikuwa amekwisha kufikia umri ambao mwili hauna tena nguvu za kushindana na hali ya hewa. Nyumba yake iko Isevya, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye paa la bati, nacho chumba chake cha kulala kinaelekea magharibi, upande ambao jua la alasiri huupiga ukuta mpaka magharibi inapoingia. Kiangazi kimoja alishikwa na maradhi ya moyo, na daktari, baada ya kumwandikia dawa, akatunasihi kwamba asiachwe alale katika chumba chenye joto la kumkosesha pumzi. Tukachangishana, ndugu tuliopo hapa pamoja na walioko Dar es Salaam na Mwanza, tukanunua kiyoyozi cha 12,000 BTU, kile ambacho mafundi hukiita cha tani moja. Tani hiyo, kwa asiyejua, si uzito wa chombo. Ni kipimo kilichobaki tangu zama ambazo ubaridi uliuzwa kwa mabonge ya barafu, nacho maana yake ni nguvu ya kuondoa joto lile lile ambalo lingeweza kuyeyusha tani moja ya barafu kwa muda wa mchana na usiku.

Mwaka wa kwanza chombo kilitenda kazi yake kwa amani. Mwaka wa pili, Oktoba ilipotufikia, taa yake iliwaka, upepo wake ulitoka, mlio wake ulikuwa ule ule, na chumba kikabaki na joto lake. Mama si mtu wa kulalamika, aliniambia tu, siku moja nilipokwenda kumwamkia, "Mwanangu, chombo chenu kinapuliza, lakini hakipozi."

Tukamwita fundi kijana, mwenye adabu na mwepesi wa mikono, naye hata kabla ya kuteremka kwenye bodaboda alikwisha kutoa hukumu: "Hiyo ni gesi imeisha." Akafunga geji zake, akafungua mtungi, akajaza, akapokea ujira wake, akaenda zake. Siku mbili tatu tulijiridhisha kwamba hali imekuwa nafuu. Baadaye tukaona kwamba chumba ni kile kile, na uniti za umeme wa LUKU, ambazo zamani zilitufikisha mwisho wa mwezi, sasa zilikwisha mapema kuliko ilivyokuwa kabla ya gesi kuongezwa.

Jirani yetu mmoja ndiye aliyetuletea fundi mzee, Mnyamwezi wa huku huku, ambaye katika ujana wake alijifunza kazi kwa kutengeneza majokofu ya mafuta ya taa yaliyokuwa yakitumika katika misheni na katika nyumba za mabwana shamba, mahali ambapo umeme haukufika. Majokofu yale, ambayo vijana wa leo hawakuyaona, yalitoa ubaridi kwa ndimi za moto: utambi uliwaka chini, ukaichemsha dawa ya amonia iliyochanganyika na maji ndani ya mabomba, na mvuke wa amonia ulipogeuka kuwa kimiminika na kisha kuwa mvuke tena, ulilichukua joto la chumba cha chakula. Hayakuwa na mashine inayozunguka, wala hayakuwa na gesi ya kuongeza. Jokofu lilipokataa kupoza, fundi alitazama kwanza kama limesimama sawasawa juu ya sakafu, kama utambi unawaka bila ya moshi, kama dohani ni safi, na kama nyuma yake pana nafasi ya hewa kupita. Na yote hayo yalipokuwa sawa, alilipindua kichwa chini miguu juu kwa muda, ili vimiminika vilivyoziba njia ndani yake virudi mahali pake. Mtu aliyelelewa na chombo cha namna hiyo hujifunza kutazama kabla ya kushika, maana hana mtungi wa kukimbilia.

Alipofika kwetu alimwamkia mama, "Shikamoo, mama," na mama akaitikia, "Marahaba, baba, karibu." Kisha akaketi. Hakufungua mfuko wake wa vyombo. Alimwuliza mama maswali ambayo mimi, kwa haraka zangu, sikuwahi kumwuliza: joto huzidi saa ngapi, asubuhi hali huwaje, chombo kilianza kudhoofu kidogo kidogo au kwa mara moja, je, kuna kitu chochote kilichojengwa, kilichohamishwa au kilichowekwa karibu na nyumba tangu mwaka jana. Mama akajibu kwamba asubuhi, hata saa nne, chumba hupoa vizuri, na kwamba taabu huanza baada ya adhuhuri na kuendelea mpaka usiku mkubwa. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Basi mashine si mgonjwa sana. Mashine ambayo gesi yake imeisha haijui asubuhi wala alasiri."

Nikamwomba anifahamishe, naye akanifahamisha kwa lugha ya nchi yetu. Kwa kuwa babu yake alikuwa mpagazi wa njia ya Bagamoyo, alinipigia mfano wa misafara. Akasema kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililomo chumbani na kulipeleka nje, na gesi iliyomo katika mabomba ya shaba ndiyo wapagazi. Hujitwika mzigo ndani, kwa kugeuka kutoka kimiminika hadi kuwa mvuke; kompresa huwasukuma mpaka nje; huko huutua mzigo kwa kugeuka tena kuwa kimiminika, kisha hurudi mikono mitupu kuchukua mwingine. Mpagazi haliwi na safari. Akienda Ujiji na kurudi, yu mpagazi yule yule. Na ukiona hesabu yao imepungua, jua kwamba kuna mahali njiani wanapotorokea, nawe huna faida ya kuandika wengine kabla ya kupajua mahali hapo. Na pale wanapotakiwa kutua, ikiwa pamezibwa, watarudi na mizigo yao vichwani, hata wangekuwa wengi namna gani, na wakizidi kuwa wengi ndivyo watakavyozidi kusongamana.

Maneno hayo yamenifaa kuliko kitabu chochote cha maelekezo nilichokisoma baadaye, maana ndani yake mna utaratibu mzima wa kuutafuta ugonjwa: fuata njia ya joto kutoka mahali linapopakiwa hadi mahali linapotuliwa, wala usiruke kituo.

Alianza ndani. Akaichukua rimoti, akahakikisha kwamba imewekwa katika hali ya kupoza wala si ya feni peke yake, jambo ambalo, alisema, limewahi kumlipisha mtu nauli ya fundi kutoka mbali. Akafungua kifuniko, akatoa machujio mawili, akayanyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Vumbi la Tabora ni jepesi na jekundu; lilikuwa limeyafunika kama nusu ya uso wake. Akayaosha kwa maji ya kawaida, akayaanika kivulini. Hewa ikikosa kupita katika machujio, joto la chumba haliyafikii mabomba, nayo mabomba hupata baridi kupita kiasi mpaka yakavaa barafu. Na mwenye nyumba akiiona barafu ile hufurahi, akidhani kwamba chombo kina nguvu, ilhali barafu hiyo ni ukuta unaolizuia joto lisipakiwe. Kwetu barafu haikuwapo. Akatumbukiza kipimajoto kwanza mahali hewa inapoingia, kisha mahali inapotokea: digrii 31 na digrii 27. Chombo chenye afya, akasema, huvitenga vipimo hivi viwili kwa digrii 8 hadi 12.

Nikamwuliza juu ya maji, kwa kuwa nilikuwa nimesikia kutoka kwa ndugu zangu wa Dar es Salaam kwamba kiyoyozi kizima hutiririsha maji katika mpira wake wa nje, na chetu kilikuwa kikavu. Akanituliza. Pwani hewa imejaa unyevu, nao unyevu huo hugandamana juu ya mabomba baridi na kuwa maji. Lakini hewa ya Tabora katika Oktoba ni kavu mno, hata mtungi wa udongo uliowekwa barazani hupoza maji yake upesi kwa kukauka kwa unyevu wake, na kwa hiyo mpira mkavu hapa si dalili ya ugonjwa. Ngoja mvua za Novemba, akasema, utayaona hayo maji.

Kisha tukatoka nje, na huko ndiko ilikokuwa siri yote.

Baada ya mwaka wa kwanza, kwa kuwaogopa wezi wa shaba, tulikuwa tumeizungushia sehemu ya nje ya kiyoyozi kizimba cha nondo, na juu yake tukaweka bati, na mtu mmoja wa nyumbani, kwa nia njema, akaona kwamba kizimba kile ni mahali pazuri pa kuegemeza magunia ya mkaa. Feni ilikuwa ikivuta hewa kutoka nyuma, ikaisukuma mbele ikiwa imebeba joto, nayo ile hewa ikagonga magunia, ikapanda mpaka kwenye bati, ikashushwa, ikavutwa tena na feni ile ile. Juu ya hayo, vile vibati vyembamba vya alumini vinavyoyazunguka mabomba vilikuwa vimezibwa na vumbi na vijani vikavu vya mwembe, na katika pembe moja nyigu alikuwa amejenga kiota chake cha udongo. Mzee akaweka mkono mbele ya feni, akauweka nyuma, akaniambia niweke na mimi. Hewa ya nyuma, ambayo ilipasa kuwa hewa ya uwanjani, ilikuwa na joto kama la mbele. Asubuhi uwanja ungali baridi, mashine iliweza kuvumilia. Ilipofika alasiri, jua limeupiga ukuta na bati la kizimba, haikuwa na mahali pa kutua mzigo. Tena sisi wa nchi ya juu hatuna nafasi ya kufanya ubadhirifu, kwa kuwa hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa kama sehemu ya kumi, na feni ile ile hapa husukuma hewa pungufu.

Akaenda akazima swichi kuu, wala hakuridhika kuzima kwa rimoti. Akatoa magunia, akafungua kizimba, akaosha vibati kwa maji ya mpira yenye nguvu ndogo, kutoka ndani kwenda nje, ili uchafu urudi ulikotoka badala ya kusukumwa ndani zaidi. Na vile vilivyolala akavinyosha kimoja kimoja kwa brashi, kazi iliyotaka subira hata mama akamtumia chai nje. Akapima kapasita, kile kikopo kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza na kuendelea, baada ya kuitoa kwanza chaji iliyobaki ndani yake, maana hata umeme ukiwa umezimwa kikopo hicho huweza kumpiga mtu. Nacho kilikuwa sawa. Akapima umeme wenyewe: volti 228 mchana ule, na akatuagiza tumwite tena saa mbili usiku apime wakati mji mzima umewasha, kwa sababu kompresa iliyotengenezwa kwa volti 230 ikiletewa 180 hunguruma, hupata moto, kisha hujizima, na mwenye nyumba husema gesi.

Gesi aliigusa mwisho. Akafunga geji, akatazama, akanionyesha kwamba msukumo wa upande wa juu umepita kiasi hata baada ya kuosha. Ile iliyoongezwa na kijana haikuhitajiwa. Wapagazi walikuwa wengi kuliko mizigo. Akaivuta yote katika mtungi mtupu, hakuiachia angani. Na hapa nataka niseme kwa mkazo kwamba wale wanaoiachia hewani hutenda jambo ambalo mataifa yamekubaliana kulikomesha. Gesi ya R22, iliyomo bado katika viyoyozi vingi vya zamani, huharibu tabaka la ozoni, nayo iko katika orodha ya zile zinazoondolewa kwa Itifaki ya Montreal ya 1987. Na zile zilizoshika nafasi yake, kama R410A, haziharibu ozoni lakini huitia dunia joto maelfu ya mara kuliko hewa ya ukaa ya uzito huo huo, ndiyo sababu mataifa yalikutana Kigali mwaka 2016 kuafikiana kuzipunguza. Kabla ya kuivuta alikuwa amepaka povu la sabuni kwenye nati zote za mabomba ya shaba, akangoja. Hapakuwa na povu lililoinuka, wala hapakuwa na alama ya mafuta. Akatoa hewa yote kwa pampu, kisha akarudisha gesi kwa mizani, kwa gramu zile zilizoandikwa ubavuni mwa mashine, si kwa kukisia wala kwa kugusa bomba kwa mkono.

Alasiri ile ile kipimajoto kilisema 30 mahali pa kuingilia na 19 mahali pa kutokea.

Tangu hapo nimeitwa na majirani wengi, si kama fundi, maana si fundi, bali kama mtu anayejua maswali ya kuuliza kabla ya fundi kuja. Nimeona chombo kilichovuja kweli, na alama ya mafuta ikang'aa chini ya nati kwa mtu yeyote aliyejali kuinama. Nimeona feni ya nje iliyosimama kabisa huku ile ya ndani ikipuliza, na watu wa nyumba wakikaa miezi bila ya kutoka nje kutazama. Nimeona chumba cha mkutano kilichotiwa kiyoyozi cha 9,000 BTU, ambacho hata kingekuwa kipya kila siku kisingeweza kukitosha. Lakini akthari ya niliyoyaona ni vumbi, na mahali pa kutulia mzigo palipozibwa.

Siku ile, yule mzee hakukubali kuondoka kabla ya kupanda ngazi na kuingiza kichwa chake darini. Aliposhuka uso wake ulikuwa umelowa jasho. Kati ya bati na dari ya mama hapakuwa na kitu, ila hewa iliyopikwa tangu asubuhi, na dari yenyewe, ukiigusa saa tisa, ilikuwa na joto la sahani ya chakula. Akanishauri nende Kwihara, kilomita chache kutoka mjini, nikaitazame tembe iliyojengwa upya mahali alipokaa msafiri Livingstone mwaka 1872, baada ya msafiri mwenzake Stanley kumwacha hapo mwezi wa Machi, akingoja mpaka mwishoni mwa Agosti wapagazi aliopelekewa kutoka pwani. Nilikwenda, saa nane ya mchana, katika jua la kuua. Kuta ni nene, madirisha ni machache na madogo, paa ni tambarare, la miti iliyofunikwa udongo, baraza huukinga ukuta wa mbele usipigwe na jua, na ua ulio katikati huiachia hewa ya usiku ishuke. Nilikaa ndani yake nikiwa nimevaa kanzu na koti, wala sikutamani kulivua koti. Hapakuwa na kitu kilicholipeleka joto nje, kwa sababu joto lenyewe halikuwa limeruhusiwa kuingia.

Basi tukatandaza pamba za kuzuia joto juu ya dari ya mama, tukaziba mianya ya pembeni ambayo hewa ya darini ilikuwa ikishukia chumbani, tukaongeza baraza upande wa magharibi, na kizimba tukakijenga upya kikiwa wazi mbele na nyuma, mbali na ukuta, chini ya kivuli cha mwembe lakini mbali na majani yake. Kiyoyozi sasa huwashwa mapema, kabla ukuta haujashika moto, nacho hupumzika mara kwa mara, jambo ambalo zamani hakikuweza.

Yule fundi kijana simlaumu, na hili nimelifikiri sana. Sisi wenye nyumba ndio tulioweka kaida ya kumlipa fundi kwa gesi anayotia, na kumnyima ujira anapotazama, anapoosha, na anapotuambia kwamba mashine haina ugonjwa. Kijana mwenye watoto, ambaye saa yake ya kutazama haina bei na mtungi wake una bei, ataupata ugonjwa ndani ya mtungi. Kwa hiyo katika mtaa wetu tumepatana, baadhi yetu, kwamba fundi akiitwa hulipwa kwanza ujira wa uchunguzi, uliotajwa kabla hajafungua mfuko wake, na gesi, ikiwa itahitajiwa, hulipwa mbali, kwa gramu zilizosomwa mbele ya mwenye nyumba kwenye mizani, baada ya kuonyeshwa tundu ilipotokea. Yule kijana ni mmoja wa waliokubali masharti hayo, na sasa ndiye tunayemwita kila mwezi wa Agosti, kabla ya joto kuanza, kuosha viyoyozi vya mtaa mzima.